Bomba Lihamie Magharibi

Jumatatu, 9 Juni 2025. Genkuru.

Mnara wa maji umesimama kwenye msingi wake. Miguu minne, chuma kitupu, tanki bado. Msimamizi ni mimi, Oyoo, niliyefika hapa bila cheti, kwa macho na futi kamba tu. Halafu wasomi wakakaa ofisini Tarime wakachora bomba la kutolea maji upande wa mashariki. Kwa Simioni! Simioni na kitalu chake cha miche. Mimi nina kiwanja magharibi, nataka kufyatua matofali. Bomba linaposhukia ndipo kioski cha maji kitajengwa. Nani aliniuliza?

Kampuni hii mchoro haubadilishwi kwa mdomo. Unajaza fomu, Injinia Judith anaikagua, anaidhinisha, Gidion wa michoro anaigonga muhuri wa KUTOLEWA na kuileta saiti. Msimamizi akisaini kuipokea, ndipo mchoro wa zamani unachanwa na kazi inafuata mpya. Kabla ya saini hiyo Gidion haruhusiwi kutaja kilichomo.

Nimejaza Fomu Namba 8. Bomba lihamie upande wa pili wa mnara. Sababu: pale lilipochorwa spana haina nafasi ya kuzunguka, kati yake na mguu wa mnara zimebaki sentimita kumi na moja. Nimepima mwenyewe. Ni kumi na tisa, ila nani atakuja kupima tena?

Jumanne, 10 Juni.

Kusubiri idhini ni kupoteza jua. Nimemwambia Mniko, fundi wangu wa kuchomelea, alihamishe bomba leo. Akauliza karatasi iko wapi. Iko njiani. Akavuta miwani yake akasema haya mkubwa, likija lingine mimi nilikuwa nimeenda kunywa uji.

Saa sita bomba liko magharibi, limepoa. Simioni akasimama katikati ya miche yake, akauliza kwa sauti, je, mnara umelala vibaya shingo?

Saa tisa pikipiki ya Gidion. Bahasha mkononi, uso wa mtu aliyetumwa msibani. Wamekataa, na bomba limeshachomewa! Kubadilisha kabla ya idhini ni kufukuzwa. Mwenzangu kule Busawe alifukuzwa kwa bawaba za mlango tu.

Nikafikiri upesi. Bila saini yangu karatasi haijafika. Isipofika, haijakataa. Nikaingia kwenye mahindi. Yamekauka, kila hatua yanapiga kelele. Nikasimama humo kama mlingoti mpaka pikipiki ikaondoka.

Alhamisi, 12 Juni. Sirari.

Niko kwa shemeji Owiti. Gidion alipiga simu tangu asubuhi, mwishowe nikapokea nikasema nina msiba. Wa nani? Ulimi ukasema baba mdogo. Sasa pole zinamiminika kwenye kundi la kazi. Mchana baba mdogo mwenyewe amepiga, anauliza kwa nini watu wa Tarime wanamtafuta binti yake kumpa pole.

Shemeji amecheka mpaka akashika meza. Ati si niende tu nisaini, ama hiyo karatasi inauma? Yeye hajui. Nimejenga nyumba kwa kazi hii. Kila pikipiki inayopita barabarani, naangalia viatu vyangu viko wapi.

Ijumaa, 13 Juni.

Nimerudi saiti saa tatu. Mniko na vijana wameshaanza kazi ya leo, kupandisha mabomba ya ulinzi ya kuzungushia jukwaa la juu. Nikasikia pikipiki. Nikaingia chooni, nikafunga komeo.

Hatua zikaja. Zikasimama mlangoni.

"Shikamoo, mzee Oyoo."

Nikauma meno. Akarudia, adabu ileile, sauti ya chini, kama yuko sebuleni kwangu. Nimelelewa. Naweza kuikimbia karatasi, lakini shikamoo ya pili siwezi kuiacha inaning'inia. Mdomo ukajibu wenyewe: marahaba.

Akanipa pole ya baba mdogo kupitia mbao. Kisha karatasi mbili zikapita chini ya mlango, na kalamu juu yake. Nimesaini nimechuchumaa. Ndipo nikasoma.

Fomu Namba 8: IMEIDHINISHWA. Tangu Jumanne. Nimejificha siku tatu nikiogopa ndiyo.

Fomu Namba 9, ya Injinia Judith mwenyewe, ya haraka, imetolewa siku hiyohiyo. Mnara wote ugeuzwe, kaskazini iwe kusini, kwa sababu ngazi inatazama waya za umeme zilizovutwa juzi. Chini, kwa wino mwekundu: mtu yeyote asipande mpaka ugeuzwe.

Waya ziko mita nne kutoka kwenye ngazi. Bomba la ulinzi lina mita sita. Hesabu hiyo haihitaji injinia.

Nilikimbia mkanda haujafungwa. Mniko alikuwa juu kabisa, bomba begani, ncha yake inacheza upande wa waya kama fimbo ya mchunga ng'ombe. Nilitaka kupiga kelele, nikaogopa. Akigeuka kunitazama, na bomba linageuka.

Nikasema polepole, kwa sauti niliyoazima sijui wapi: Mniko, usigeuke. Lisukume bomba mbele, kusini, liachie. Akauliza bila kugeuka kama nimeona nyoka. Nikasema ndiyo. Akalisukuma. Likaanguka kwenye nyasi, na mimi nikakaa chini.

Aliposhuka akauliza nyoka yuko wapi. Nikamwonyesha waya. Akaangalia waya, akaangalia karatasi mkononi mwangu, akaangalia tarehe. Alikwenda kukaa kivulini peke yake. Heri angenitukana.

Jumamosi, 14 Juni.

Kreni imekuja kupandisha tanki, ikaanza kwa kuugeuza mnara. Nilikuwa namshukuru Mungu kwa uhai wa Mniko, kweli kabisa, mpaka nikaona bomba. Limetoka magharibi, likapita polepole, likatulia mashariki. Juu ya miche ya Simioni.

Nisingeligusa, lingeondoka mashariki likatua kwangu.

Simioni akavua kofia, akasema ahsante mkwe, na hata binti hujanipa. Nikamwomba Injinia turudishe bomba. Akasema lete fomu. Kisha akafungua Namba 8, akasoma sentimita zangu kumi na moja mbele ya watu, akapima kwa futi kamba, zikawa kumi na tisa, akauliza zimeongezeka lini.

Jumatatu, 16 Juni.

Barua ya onyo; idhini kutoka Jumanne ileile ndiko kulikoniokoa nisifukuzwe. Mniko amesema yote, na ni haki yake. Salamu yangu ya leo aliipokea kwa kidevu. Mnara amepewa yeye, mimi nimepewa uzio. Injinia amenisomesha kwa utaratibu, kama mtoto wa chekechea: ukaguzi, idhini, kutolewa, ndipo kazi. Nimeitikia kila neno. Sijawahi kuogopa hivi, na nimeelewa kabisa.

Mchoro wa uzio unaonyesha lango upande wa mashariki. Watu wa magharibi tuzunguke?

Nimewaambia vijana wachimbe mashimo ya nguzo za lango magharibi, leo, kabla ya chai. Fomu nitajaza kesho. Sababu bado naitafuta. Lango likishasimama, litakuwa limejiidhinisha.