Mgongo Upande wa Jirani

Jumatatu, 3 Machi
Hatimaye! Shangazi amekubali nimchoree nyumba. Mchoro wa kwanza utakaobeba jina langu, baada ya miaka ya kuchora vyoo katika michoro ya wenzangu ofisini. Sharti la Mkuu wa ofisi: Shangazi auridhie Ijumaa, la sivyo kazi inakwenda kwa Bwana Rula wa meza ya pili, mtu anayepiga pasi hata leso, nami narudi vyooni.

Shangazi ana agizo moja tu. Alilitoa kwa simu, katikati ya kumsema jirani yake mpekuzi: mgongo wa nyumba uwe upande wa yule mbea. Nikamjibu nimeelewa. Nadhani nilielewa. Mgongo wa paa, ule mstari wa juu ambapo miteremko miwili hukutana, usikae katikati. Usogee kwa jirani. Wazo la kisanii! Kumbe usanii umo katika ukoo.

Jumanne, 4 Machi
Programu ya kuchorea ni kaidi. Nauburuta mgongo kwa kipanya, unarudi katikati. Nauburuta, unarudi. Bwana Rula akachungulia, akasema miteremko yangu ina ukali sawa, ndiyo maana. Nikiufanya mmoja mkali zaidi, mgongo utahama wenyewe. Nikamshukuru kwa adabu. Inawezekana yuko sahihi. Hiyo hasa ndiyo sababu ya kutomfuata: atawatangazia ofisi nzima kwamba amenifundisha kabla chai haijapoa.

Jumatano, 5 Machi
Ushindi! Nimechora ukuta wa uongo nje ya nyumba, upande wa jirani. Programu, maskini, ikadhani nyumba imepanuka; ikaunda paa pana zaidi, ikauweka mgongo katikati ya upana huo mpya, yaani pembeni mwa nyumba halisi. Kisha nikauficha ukuta. Haupo! Au tuseme upo, ila hauonekani. Tofauti hiyo nawaachia wanafalsafa. Nilijiuliza kama huu si udanganyifu. Nikajijibu kwamba huenda ni ubunifu. Sikujiuliza mara ya pili.

Ijumaa, 7 Machi
Shangazi kaja na miwani ya kusomea. Mkuu na Bwana Rula nao wakaketi. Nikaufungua mchoro kwenye skrini kubwa.

Shangazi akauliza lile bawa ni la nini. Kweli, paa lilikuwa limevuka uzio na kufunika nusu ya ua wa jirani. Nikaeleza, kwa utulivu wa kitaaluma, habari ya mgongo na ya ukuta niliouficha. Akanikata: “We mtoto, paa nimelitaja saa ngapi?”

Alitaka nyumba impe jirani mgongo! Mlango na madirisha yatazame kwingine, yule mama abaki kukodolea ukuta. Nami nimeweka baraza na madirisha matatu upande huohuo, na juu yake nimemjengea mpekuzi kivuli cha kukalia akichungulia. Bwana Rula akauliza, kwa upole wa kutisha, kama jirani naye ameshachagua rangi.

Mkuu akaanza kumgeukia Bwana Rula. Shangazi akawahi: mwacheni, huyu ni wangu, nikitaka kumfinya nitamfinya mwenyewe. Kisha akanigeukia. Geuza nyumba tu, mwanangu, niione Jumatatu. Hayo mengine utajua mwenyewe.

Utajua mwenyewe! Imani iliyoje!

Jumapili, 9 Machi
Nimeigeuza nyumba. Amri moja tu, ikatii. Sasa jirani anatazamana na ukuta mtupu. Mtu wa kawaida angefunga kompyuta hapo. Lakini paa nalo limegeuka, na mgongo wake sasa uko upande wa barabara. Bwana Rula amenipigia simu akinisihi niufute ukuta wa uongo, paa likae katikati, nipumzike. Shangazi, anasema, hajawahi kuuliza habari za paa.

Nimeyapima maneno ya Shangazi kwa makini. Nakiri kwamba tafsiri zangu zinastahili kutiliwa shaka. Hata hivyo, mtu anayetaka kumpa jirani mgongo mmoja hawezi kuchukia akimpa miwili, wa nyumba na wa paa. Nimechora ukuta mwingine wa uongo, upande wa jirani. Huu nimeusogeza mbali zaidi, kwa usalama.