Vita vya Sura ya Mwisho katika Chumba cha Mashuka

Jongeeni, enyi wafuaji na wapiga pasi, enyi mliowahi kukunja shuka kubwa peke yenu hata mkashikia ncha kwa meno! Zimeni mashine, vueni aproni, mpate kusikia habari ya Bonge, Malkia wa Nguo Nyeupe, na jinsi alivyoiteka sura ya mwisho kabla ya saa sita mchana, akiwa kazini, mbele ya macho ya Msimamizi, pasipo shuka hata moja kubaki nyuma.

Bonge ndilo jina alilopewa na wenzake wa darasa la tatu, nao walidhani wamemtukana. Alikuwa mwanamke mpana wa mabega, mzito wa nyonga, mwenye mikono iliyoshiba, na katika chumba kile cha chini cha hoteli, kati ya mashine sita zilizonguruma kutwa, hakuwapo aliyekunja kama yeye. Shuka lilitoka mikononi mwake limenyooka kama barua ya serikali.

Basi kwa siku tisa Bonge alikuwa akiishi maisha mawili. Mikono ilikuwa hotelini. Masikio yalikuwa kwenye kitabu cha kusikiliza alichoazima katika maktaba ya simu, kisa cha mapenzi ya mwokaji keki na daktari wa mifugo. Na huyo mwokaji alikuwa mnene. Si mnene wa kusingizia, bali mnene wa haki, apitaye ubavu-ubavu kati ya meza za mgahawa, na mama aliyekisoma kitabu alilitamka neno "mapaja" kana kwamba anataja cheo. Daktari alipomshika kiuno katika sura ya kumi na nne, Bonge alipiga kigelegele peke yake ndani ya lifti ya mizigo.

Lakini hofu ilimkaa moyoni. Alikwisha kuumizwa mara tatu. Vitabu vitatu kabla ya hiki vilianza na msichana mnene, vikamsifu, vikambembeleza, kisha harusi ilipokaribia vikampeleka mazoezini, akarudi sura ya mwisho akiwa mwembamba na mwenye furaha, akamwacha Bonge nje ya hadithi kama mgeni asiye na kadi. Kila mara Bonge alitoa hedifoni masikioni, akakaa kitandani peke yake.

Siku hiyo, saa tano na dakika ishirini, simu ikatoa tangazo lake la vita: azima inaisha saa sita kamili, na nyuma yake walisubiri watu arobaini na mmoja. Sura iliyobaki ilikuwa ya dakika thelathini na nane.

Wakati huohuo Msimamizi akapanda juu ya kreti ya sabuni, akanena:

"Sikilizeni, nyote mlio chini ya dari hii! Mkutano umetushushia wageni arobaini, na kila mgeni ana mashuka mawili. Mashuka themanini yawe rafuni saa sita! Mwenye kusikiliza vitabu na asikilize, masikio si mali ya hoteli. Lakini mikono ni yangu, na mkono utakaosimama nitaupeleka ukasugue mabeseni!"

Mwenzake Bonge wa kukunja alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake, mwembamba wa kutajika, ambaye chumba kizima kilimwita Sindano. Huyu, kwa miaka sita, alikuwa akimletea Bonge maji ya ndimu kwenye chupa na kuihesabu sahani yake kwa macho.

"Wifi, nakupenda, ndiyo maana nasema," Sindano alianza, kama aanzavyo siku zote. "Huyo mwokaji wako atakonda. Wote hukonda. Nani atamwoa mtu akiwa hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Hivyo... we jua tu."

Hapo Bonge akachomoa hedifoni ya sikio la kushoto, akainyoosha mbele kama mwenye kutoa upanga. "Chukua! Uje ushuhudie kwa sikio lako! Akikonda, nitayanywa maji yako ya ndimu mwezi mzima bila kukunja uso. Asipokonda, macho yako hayataingia tena kwenye sahani yangu, si nyumbani, si shereheni, si popote!"

"Lete," akasema Sindano.

Lo! Waya uliounganisha hedifoni zile ulikuwa na urefu wa mkono mmoja na ushee, na shuka la kitanda kikubwa ni hatua tatu. Shuka la kwanza liliwanyang'anya hedifoni zote mbili. La pili likawafunga shingo. Kwenye la tatu ndipo Bonge, mwenye akili ya majemadari, akaamuru wasisimame tena mkabala: wakalitupa shuka juu ya meza, wakasimama bega kwa bega, wakatembea ubavu kama kaa wawili, kushoto, kunja, kulia, kunja. Sindano alicheka, akajizuia, akacheka tena. Rafu ikaanza kujaa.

Hata yalipobaki mashuka tisa, na saa imebakiza dakika saba, mwokaji akaingia kwa mshonaji kulijaribu gauni la harusi. Zipu ikapanda, ikasita. Halifungi. Pengo la vidole vitatu vizima!

"Si nilisema?" Sindano akanong'ona, ila sauti yake haikuwa na ushindi. "Wifi, zima basi. Usijiumize."

"Sizimi."

Akageuka kuvuta shuka, waya ukanasa ukingoni mwa meza, na simu ikachomoka mfukoni, ikaruka, ikatua ndani ya kikapu cha magurudumu kilichokuwa kikisukumwa na mzee wa taulo, mtu asiyesikia vizuri, aliyekuwa akielekea kwenye mashine namba nne iliyo wazi kinywa. Akakiachia kwenye mteremko. Kikapu kikashika kasi.

Wengine waliita. Bonge hakuita. Alivuka sakafu yenye povu kwa hatua nne, akageuka, akakipokea kikapu kwa nyonga, nyonga ile aliyoambiwa maisha yake yote kwamba imezidi. Kikapu kikagota. Taulo zikamwagika, na simu pamoja nazo, Bonge akaidaka. Nyonga haikutikisika hata kidogo.

Zilibaki dakika nne. Wakarudi mezani wakihema, sikio kwa sikio, mikono ikikunja. Mshonaji wa kitabuni alikuwa akishauri wiki mbili za supu. Mwokaji akasema: "Mimi sina mshono wa kupunguza. Fumua gauni." Na kutoka nje ya mlango, daktari wa mifugo, aliyekatazwa kuchungulia, akapaza sauti: "Ongezeni kitambaa!"

"ONGEZENI KITAMBAA!" walipiga kelele wote wawili, na shuka la themanini likaingia rafuni. Humo masikioni mwokaji na daktari wakavishana pete, mwokaji akiwa na mapaja yake yote, ndipo simu ikalia saa sita na kitabu kikafungwa.

Sindano alijifuta macho kwa foronya safi. "Wifi, mimi miaka sita nakusumbua..."

"Nyamaza, wewe. Njoo tuokote taulo."

Msimamizi, aliyelisikia dau lao tangu mwanzo, akafika, akahesabu rafu mara mbili, akainamisha kichwa kati yao. "Alikonda?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hakukonda!"

"Hakukonda!" akarudia Msimamizi, kwa sauti iliyozishinda mashine. Neno likashikwa na wapiga pasi, likapanda na lifti ya mizigo, likaingia jikoni ambako wapishi walipiga vifuniko, likatoka hadi uani. Na mtunza bustani, asiyejua ni nani hakukonda wala kwa nini, akavua kofia yake, akaipunga hewani, akashangilia kuliko wote.