Pipa la Taka Limenisemea kwa Mkuu wa Shule

"Khm."

Mlio wenyewe ni huo tu. Ni kikohozi cha mama mtu mzima ambaye hana mafua wala kifua, kabanwa na kicheko halafu akakumbuka kwamba yeye ni mkuu wa shule. Umetoka saa nne asubuhi, hapa hapa steshenari kwa shangazi, Bariadi, na mpaka ninapowaandikia bado unanigonga sikioni. Jamani, mimi Kabula leo nimeaibika. Na nimeaibika kwa Kiswahili sanifu, chenye alama zote za uandishi mahali pake.

Ngoja nianze mwanzo. Nikianzia katikati mtanionea huruma, na huruma yenyewe sistahili.

Mnajua nafanya kazi kwa Shangazi Milembe, karibu na stendi. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, navitia vyeti vya watu laminesheni. (Vya watu. Changu ni kimoja tu, cha kidato cha nne, na matokeo yake hayajawahi kuomba laminesheni.) Kompyuta ya shangazi ni nzee. Mfumo wake wa zamani ulikuwa ukiuwasha unapata muda wa kufagia, kudeki na kunywa chai kabla haujakuonyesha uso. Ndipo fundi mmoja wa kupita akatuwekea Linux. Kwa msioijua, huo ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, wa bure, unaotengenezwa na watu waliotawanyika dunia nzima. Wengine wamesoma sana. Wengine ni mimi.

Ndiyo, mimi. Mwaka jana niligundua kwamba Kiswahili cha mfumo ule kinatafsiriwa na watu wa kujitolea. Unafungua tovuti, unakuta sentensi ya Kiingereza, chini yake kisanduku kitupu, unajaza Kiswahili. Kiingereza changu si kingi, lakini nina kamusi na nina moyo. Halafu zile sentensi zilikuwa zinanitia huruma. Kompyuta ina maneno makali. Mtu kakosea nywila herufi moja, inamwambia "si sahihi", kavu kabisa. Huku kwetu mtu mzima huwezi kumjibu hivyo ukabaki salama. Basi nikawa nalainisha. Hapa naongeza pole, pale naongeza tafadhali.

Nikalainisha kwa bidii mpaka wenye mradi wakanipa cheo: mhakiki wa Kiswahili. Kazi ya mhakiki ni kusoma alichoandika mtafsiri na kukipitisha. Na mtafsiri ni nani? Ni mimi. Kwa hiyo nikawa najisoma, najisifu, najipitisha.

Sasa, ndoto yangu mnaijua. Nataka siku moja mtu aniite Mwalimu Kabula. Hata kama ni mtoto mmoja, hata kama ni kwa makosa.

Kuna shule ya sekondari kule Binza, Maswa, yenye kompyuta kumi za msaada zilizofunikwa vitenge kama maiti. Mkuu wake, Mwalimu Nkwimba, akija vikao vya mkoa hapa Bariadi hupita kwetu kutoa kopi. Mwezi uliopita aliniona natafsiri, akavuta kiti. Akasema anatafuta mtu wa kuziwekea zile kompyuta mfumo wa Kiswahili, na kufundisha watoto kila Jumamosi.

"Una cheti cha kompyuta?" akaniuliza.

Nikasema ninacho. Kipo nyumbani Bukundi, kwa mama. (Nyumbani Bukundi kwa mama kuna mbuzi, kuna cherehani iliyokufa, kuna picha ya babu. Cheti hakuna.)

"Basi toleo jipya la mfumo huu likitoka nitapita nilione," akasema. "Nikiridhika, Jumamosi inayofuata unasimama darasani. Wewe niandikie barua ya maombi."

Toka siku hiyo sikulala vizuri. Wenzangu mnasubiri mechi, mimi nikawa nasubiri toleo. Likatoka jana. Nikanunua bando, nikaweka simu juu ya dirisha pale mtandao unapokaa, likashuka taratibu kama mgonjwa anashuka kwenye gari. Leo alfajiri nimekuja kuliweka. Lilipowaka nikaona picha mpya ya skrini, milima ya nchi za baridi, vialama vipya vya mviringo. Sikuvijali. Nilikuwa natafuta maneno yangu. Nikayaona: "Karibu tena." Ni mimi hiyo. Nikakaa nayo kidogo kama mtu anamtazama mwanawe amevaa sare.

Saa tatu na nusu Mwalimu Nkwimba akaingia na mkoba wake mweusi, tukasalimiana Kisukuma.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka, Mwalimu."

"Mhola?"

"Mhola."

Shangazi akafuta kiti kwa khanga yake. Mteja alikuwepo mmoja tu, Mzee Malimi, anasubiri picha zake za pasipoti. Tulishamwambia azifuate saa sita, akasema ana nafasi.

Mwalimu akakaa mbele ya skrini, akaweka nywila ya uongo makusudi. (Walimu.) Kompyuta ikamjibu: "Pole, nywila siyo hiyo. Jaribu tena bila haraka."

Akageuka. "Inanipa pole?"

"Ndiyo, Mwalimu. Kwa Kiingereza ilikuwa inakemea."

"Hiyo imelelewa," akasema Mzee Malimi.

"Imelelewa na huyu," Shangazi akadakia. "Kutwa nzima anailea. Sufuria zangu ndiyo hazina mlezi."

Nikatabasamu kwa unyenyekevu. Moyoni nilikuwa nishafika Binza, nimeshika chaki.

Mwalimu akafungua hiki, akafunga kile. Kila sentensi aliisoma kwa sauti, kwa sababu anafundisha Kiswahili na hajui kusoma kimya. Kila akisoma anatikisa kichwa kukubali. Nikaanza kuwaza nitavaa nini Jumamosi.

"Mwanafunzi akiandika upuuzi," akauliza, "anaufutaje?"

"Anautupa kwenye pipa la taka, Mwalimu. Pipa likijaa analimwaga."

"Na kabla ya kumwaga inamwonya? Wangu wale nawajua. Watamwaga mpaka mitihani."

"Inamwonya vizuri sana. Hebu bonyeza uone."

(Mimi hiyo. Hakuna aliyenishika mkono, hakuna aliyenitia maneno mdomoni.)

Akabonyeza. Kidirisha cha onyo kikatokea katikati ya skrini. Mwalimu akashusha miwani, akasoma kwa sauti ile ile ya darasani, akisimama kwenye kila nukta:

"Niandike nina cheti? Sina. Lakini atajuaje?"

Chini yake vitufe viwili: "Ghairi" na "Mwaga".

Feni ya kompyuta ikaendelea kuzunguka peke yake.

Mzee Malimi ndiye aliyeanza. "Nani hana cheti? Kompyuta?"

"Cheti gani tena?" Shangazi akauliza.

"Imekwama, inaomba ushauri," Mzee akamwelewesha. "Ni mashine ya watu wanyenyekevu."

Ndipo Mwalimu akageukia ukutani, mabega yakatikisika mara moja, akatoa ule mlio niliowaambia.

Nyie mnajiuliza sentensi ile iliingiaje humo. Nami nilijiuliza, kwa muda wa kupepesa macho mara mbili, halafu nikakumbuka yote kwa mpigo. Ile wiki ya mwisho ya kupokea tafsiri ndiyo wiki niliyokuwa naandika barua ya maombi kwa Mwalimu. Programu ya kuandikia barua sikuthubutu kuifungua, herufi zake ni kubwa na Shangazi huwa anasimama nyuma yangu akila karanga. Nikaona nifikirie humo humo kwenye kisanduku cha tafsiri, herufi ndogo ndogo, nitafuta baadaye. Nikaandika hayo mawazo yangu. Akaingia mtu na cheti cha ubatizo anataka laminesheni. Kwa mazoea nikabonyeza "Hifadhi", nikainuka kumhudumia. Jioni yake mhakiki akaja kupitia kazi. Mhakiki alikuwa amechoka, akabonyeza "Pitisha zote".

Basi sentensi yangu ikaondoka Bariadi, ikaenda huko wanakotengeneza mfumo, ikafungwa pamoja na toleo jipya, ikasambazwa duniani, ikashuka kwa bando langu mwenyewe mpaka steshenari, na ikamfikia yule yule mmoja niliyekuwa naogopa ajue. Barua zangu za kawaida huwa hazifiki hata Maswa.

Nikajaribu kujiokoa.

"Mwalimu, hiyo... hiyo ni virusi."

"Mwezi uliopita uliniambia mfumo huu haupati virusi."

"Haupati sana."

"Na hivi vimesomea wapi Kiswahili, vinaweka alama ya kuuliza panapotakiwa?"

Nikatazama vidole vyangu vya miguu. Vilikuwa na vumbi.

"Kabula."

"Abee, Mwalimu."

"Cheti kipo?"

"Hakipo, Mwalimu."

"Na cha Bukundi?"

"Bukundi kuna mbuzi."

"Wangapi?" akauliza Mzee Malimi, kwa nia njema kabisa.

"Mzee, picha zako zipo tayari," Shangazi akamwambia. Picha hazikuwa tayari. Mzee akazipokea hivyo hivyo, mbichi, akatoka amezishika kwa ncha za vidole kama samaki. Sijawahi kumpenda shangazi yangu kama dakika ile.

Mwalimu akabonyeza "Ghairi". Akavua miwani, akaipangusa muda mrefu kuliko ilivyokuwa na uchafu.

"Kazi unaijua," akasema. "Nimeona mwenyewe. Kompyuta zangu nitakuletea, uziwekee huu mfumo. Ukishairekebisha hiyo."

"Wabeja, Mwalimu," nikashukuru.

"Ngoja kwanza. Kusimama mbele ya watoto wangu wakuite mwalimu, hapana. Si kwa sababu huna cheti. Wa kujitolea wasio na vyeti ninao wawili, na mmoja anafundisha kuliko mimi. Ni kwa sababu ulisema unacho."

Hapo ndipo pananiuma mpaka sasa. Yaani mlango ulikuwa wazi. Mimi ndiye niliyeizunguka nyumba nzima nikitafuta dirisha la kuvunja.

"Ulijiuliza swali zuri," akaongeza, akifunga mkoba. "Jibu la kwanza pia lilikuwa zuri. Ungeishia pale kwenye 'Sina'. Niandikie barua nyingine. Shule zikifunguliwa Januari nitaisoma, sikuahidi chochote."

Akaaga Shangazi, akaenda kwenye kikao chake.

Nilidhani Shangazi atanisema mpaka jua lizame. Aliniletea chai, akatia sukari vijiko vinne bila kuniuliza. Kwa Shangazi sukari kiasi hicho hutolewa kwenye misiba tu. Nikainywa kama mfiwa. Halafu akachukua kikapu, akasema anakwenda sokoni kutazama nyanya, na mlangoni akageuka.

"Hiyo kitu iko kwenye kompyuta ngapi?"

"Sijui, Shangazi. Za wote wanaotumia Kiswahili."

"Wengi?"

"Nadhani niko peke yangu."

"Afadhali," akasema, akaenda zake.

Nikabaki na feni. Sasa nawaomba, kama mna cheko, lishikeni kidogo mpaka nimalize. Atakayecheka kabla, nitajua ni wale wale wenye vyeti.

Nikafungua ile tovuti, nikatafuta kisanduku changu. Nikakifuta, nikaandika inavyotakiwa: "Vitu vyote vilivyomo kwenye pipa vitafutika kabisa." Nikaisoma mara tatu. Hata pole sikuongeza. Ndipo nikaona pembeni alama nyekundu, maana yake kuna mtu ameripoti kosa. Kumbe siko peke yangu. Aliandika jana hiyo hiyo toleo lilipotoka. Hakuweka jina, anasema tu yuko Lamadi, anauza dagaa, ana kompyuta moja.

Nawanakilia kama ilivyo:

"Salamu. Nimeweka toleo jipya, ni zuri, linawaka haraka. Ila nikitaka kumwaga pipa la taka inanijia sentensi ya mtu mwenye shida. Sijui ni kosa au ndivyo walivyopanga. Toka nimeiona sijamwaga, naona kama nitamwingilia. Kama kuna anayemfahamu huyo mtu, naomba kuuliza, yule wa 'atajuaje' alijua?"

Nikaisoma. Nikaenda mlangoni, nikatazama barabara, hakuna mteja. Nikarudi nikakaa. Chini ya ripoti yake kuna nafasi ya mhakiki kujibu kabla ya kuifunga. Niliandika maelezo marefu, nikayafuta. Nikaandika mafupi, nikayafuta nayo.

Mwisho nikaandika, "Alijua. Mwaga tu," nikaifunga.