Siku Nilitaka Kuombea Patro wa Mutumbwi

Leo haya imenimaliza. Niko siberi (nyumba ya intaneti) hapa Lilongwe, nabaandikia.

Munajua mudogo wangu Esaya. Tangu tukimbie vita ya Fizi kule Kongo, kambi ya Dzaleka ilikuwa inamukausha, juu yeye ni mutu wa maji. Sasa amepata kazi ya kuvua ku kijiji kimoja ya ziwa. Kimya kabisa! Ni bamama tu banageuza usipa ku jua (tusamaki tudogo, ndugu ya ndagala yetu). Lakini patro, muzee mwenye mutumbwi, alikuwa na woga: "Bakongomani si beko bantu ba bunduki?" Akataka aone kwanza mukubwa wa familia. Asipopenda, kazi imekwisha.

Mukubwa njo mi, dada yake (yeye ananiita yaya). Nikafika na kitenge ya kanisa, nikapiga magoti. Muzee ananiangalia tu, hacheki, iko nakohoa vibaya. Nikawaza: nimuombee, ataona tuko bantu ba Mungu.

Kichewa yangu, luga ya huku Malawi, munaijua (Kiswahili, naongeza "ndi" mbele, basi). Nikasema na heshima yote: "Ndikufuna kukuomberani." Yaani, nataka kukuombea.

Mama mumoja akaangusha kitunga ya samaki.

Mi nikajua hawakusikia muzuri. Nikapaza sauti: "Nonse!" Bote! "Na ana!" Hata batoto! Nikafunga macho, nikaingiza mukono ndani ya sakoshi, mukoba yangu, kutafuta Biblia.

Jameni! Makelele! Mbio! Kufungua macho, bamama hakuna, patro ameinama nyuma ya mutumbwi, na mwanaume mumoja ameinua kasia juu ya kichwa yangu. Na mi nikalala chini (mukimbizi akisikia mbio haulizi).

Esaya akatoka mu maji iko nalia: "Yaya! Toa mukono ku sakoshi! Polepole!"

"Nimekosa nini? Nabaombea tu!"

"Kuombera ni kupiga mutu masasi ya bunduki! Kuomba Mungu beko nasema kupemphera!"

Mungu wangu. Nimepigia muzee magoti, nikamuahidi masasi, yeye na bajukuu.

Nikatoa Biblia na vidole mbili. Esaya akaeleza. Muzee akasimama, akapangusa muchanga, akaniangalia sana. Nikajua nimeua kazi ya mudogo wangu. Kumbe anazuia kicheko! Akacheka mpaka kikohozi ikamukamata, kisha akasema, na Esaya akanitafsiria: "Kijana abakie. Lakini huyu yaya yake, atuombee akiwa kulekule Dzaleka."

Basi kazi tumepata, mi njo nimefukuzwa ku ziwa. Na mwenye atacheka hapa, nitamuombea. Luga nitachagua mwenyewe.