Mrembo Atazaa Ijumaa

Jumatatu, 3 Machi

Habari imetoka leo bandani. Ijumaa wanakuja wageni kutoka shamba kubwa la maziwa, wachague mwanafunzi wa kwenda kufanya kazi kwao baada ya mtihani. Mmoja tu! Mkufunzi wetu wa mifugo alitangaza huku akikwangua kwato za fahali, bila hata kuinua kichwa. Tunamwita Bi. Mabuti. Hakuna aliyewahi kuiona miguu yake.

Nafasi hiyo ni yangu. Lazima iwe yangu. Muhula uliopita nilifeli mtihani wa vitendo, na Bi. Mabuti alishaniambia nikifeli tena nifungashe virago. Nyumbani ananisubiri shemeji na duka lake la magodoro. Kila akipiga simu ananikumbusha kwamba godoro halimpigi mtu teke.

Adui ni Kasuku. Analala kitanda cha juu ya changu. Anakariri kitabu kwa sauti hata akiwa bafuni. Anapiga pasi ovaroli. Ovaroli ya kuzolea mavi!

Lakini mimi nina Mrembo, mtamba niliyekabidhiwa, mwenye mimba yake ya kwanza. Daktari wa mifugo anasema atazaa mwishoni mwa wiki hii. Tayari naiona picha. Wageni wamesimama, mimi nimekunja mikono ya shati, ndama anatoka. Nani atamtazama Kasuku na pasi yake?

Jumanne, 4 Machi

Nimeliambia darasa zima kwamba nimekuwa nikizalisha ng'ombe tangu utotoni, kwa babu. Ukweli ni kwamba babu alifuga bata. Kasuku akaniuliza mbele za watu, ndama hutanguliza nini? Nikasema inategemea hasira za mama yake. Watu wakacheka. Yeye akajibu kwa ile sauti yake ya kukariri: miguu miwili ya mbele, na pua juu yake, kama mtu anayepiga mbizi.

Jioni nimemkuta ameinama nyuma ya Mrembo, anabonyezabonyeza shina la mkia. Kwa ruhusa ya nani? Akasema misuli imelegea, huyu hafiki Ijumaa, mkufunzi aambiwe.

Hafiki Ijumaa! Nikamshukuru sana. Nikamwambia nitampelekea mkufunzi habari mwenyewe.

Sikupeleka.

Jumatano, 5 Machi

Kasuku ameondoka bandani. Nilimwambia kule kwenye kuku, upande wa pili wa chuo, wana uhaba wa watu, na Bi. Mabuti amemtaja yeye kwa sababu wanahitaji mtu msafi. Alivimba kichwa papo hapo. Akaenda.

Mchana Bi. Mabuti akauliza yuko wapi. Nikasema ameomba mwenyewe, anapenda vifaranga. Akaniangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Dada amepiga simu, anauliza kama nakula. Nimemwambia asubiri Ijumaa, atasikia. Dada kamwambia mama. Mama kawaambia mtaa mzima. Sasa siwezi kurudi nyuma.

Alhamisi, 6 Machi

Mrembo amekataa majani tangu asubuhi. Analala, anainuka, analala. Mkia hautulii. Ute umeanza kushuka. Nimemsihi kwa upole wote. Mama, kesho tu. Jikaze, kesho tu.

Jioni Bi. Mabuti akapita! Nikajiweka nyuma ya Mrembo na gunia, nikawa nalikung'uta kama mtu mwenye kazi nyingi. Akauliza huyu vipi. Nikasema gesi. Majani mabichi. Akasema mtamba si wa kuchezewa, nikiona dalili yoyote nimwite hata kama amelala. Nikaitikia, "Ndiyo, mkufunzi." Mabuti yake yakaenda pwata, pwata, mpaka yakanyamaza.

Nimemhamishia Mrembo chumba cha nyuma, kwenye majani makavu, asionekane. Daktari ameenda kwenye chanjo, harudi mpaka kesho kutwa. Vizuri. Hakuna wa kuniharibia.

Nimeandika "vizuri". Mbona nimeshaenda kumchungulia mara tatu?

Ijumaa, 7 Machi

Naandika nimekaa chini, nimeegemea mgongo wa Mrembo. Anapumua. Naendelea kusikiliza kama anapumua.

Asubuhi nilipofungua mlango alikuwa amelala ubavu, shingo imenyooka, macho yamegeuka meupe. Chupa ya uzazi ilikuwa imeshapasuka. Kwato moja imetoka. Moja. Na pua. Nikatafuta kwato ya pili kama mtu aliyepoteza ufunguo. Haipo.

Nikapaka sabuni mkono mpaka begani, nikajaribu. Nikagusa kitu kigumu. Goti? Kichwa? Mrembo akasukuma, na mkono wangu ukabanwa hivi kwamba nikapiga yowe. Yeye hakulia. Alikuwa hana tena nguvu za kulia. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Wageni, nafasi, magodoro, vyote vilinitoka kichwani.

Nikakimbia. Bi. Mabuti alikuwa getini anawafungulia wageni mlango wa gari. Akanipungia mkono nije nisalimie. Nami nikampungia, nikapitiliza. Sijui kwa nini sikusimama. Najua. Niliona haya.

Kasuku alikuwa katikati ya kuku na ndoo ya chakula. Nikamwambia, "Mguu mmoja." Maneno hayo tu. Ndoo ikaanguka. Sikujua kama Kasuku anaweza kukimbia vile.

Alilala kifudifudi kwenye majimaji yote yale, ovaroli na pasi yake, mkono ndani. Akauliza tangu lini.

"Asubuhi hii."

"Nakuuliza, tangu lini?"

"Jana."

Kasuku akamrudisha ndama ndani taratibu, akingoja Mrembo apumzike kusukuma. Akaitafuta kwato iliyokunjika, akaifunika kwa kiganja isimchane mama, akaivuta mbele. Jasho lilimtiririka puani. Kisha akasema kamba. Nikaleta kamba. Mrembo akisukuma, tunavuta. Akiacha, tunaacha. Nilikuwa nalia, na sikujali.

Ndama akateleza nje kama gunia lililolowa. Hakutikisika.

Kasuku akamsafisha mdomo, akamchokoa pua kwa bua la jani. Nikavua shati nikamsugua mbavu. Nikamsugua, nikamsugua. Kimya. Nikaona viatu safi mlangoni, na kando yake jozi ya mabuti. Kasuku akanisukuma kando, akammwagia ndama maji baridi sikioni.

Ndama akapiga chafya!

Mgeni mmoja alipiga makofi. Bi. Mabuti hakupiga. Alimwinamia Mrembo, akagusa ute uliokaukia mkiani, akaliokota gunia langu, akaniangalia. Akauliza kwa sauti ya chini, "Hii ndiyo gesi?"

Afadhali angenizaba kofi.

Jumamosi, 8 Machi

Mrembo hajasimama. Daktari amerudi, amempima, anasema mishipa ya miguu ya nyuma imebanwa kwa kuzaa muda mrefu. Inaweza kupona. Isipopona, ng'ombe asiyesimama hafugiki. Hakumalizia, na sikumwomba amalizie.

Wageni wamemchagua Kasuku. Bila shaka. Nilidhani atakuja kuniringia. Badala yake alikuja na marobota ya majani makavu, tukawa tunamgeuza Mrembo ubavu huu, halafu ule. Nikamwomba msamaha kwa habari ya kuku. Akasema, "Kwanza sukuma."

Dada amepiga. Sikupokea.

Jumapili, 9 Machi

Amesimama!

Tulikuwa tumeshamgeuza tena. Ndama akalia kwa njaa, upande wa pili wa uzio. Mrembo akatega masikio. Akainua makalio, akatetemeka, akaanguka. Kasuku akashika mkia, mimi nikaweka bega kwenye nyonga. Akajaribu tena. Miguu ilimyumba kama ya mlevi, lakini alisimama, akaunguruma, akaenda moja kwa moja kwa mwanawe. Aliponipita alinikanyaga mguu. Ni haki yake.

Nilishindwa kujizuia, nikalia tena. Kasuku akanipa leso. Imepigwa pasi.

Jumatatu, 10 Machi

Ofisini kwa Bi. Mabuti. Nilisimama, sikukaribishwa kiti. Alisema amekuwa akitaka kunifukuza tangu Ijumaa, kilichoniokoa ni kwamba nilikimbia kutafuta msaada, ingawa nilichelewa, na ingawa nilimpita yeye getini kama mti. Akasema, "Kijana, mnyama hana ratiba yako. Umenielewa?" Nikasema nimemwelewa, na nilimaanisha kutoka moyoni. Kutoka moyoni kabisa!

Hukumu: ng'ombe nisiwaguse. Nitarudia mtihani kwenye banda la sungura.

Sungura. Shemeji atacheka mpaka adondoke kwenye godoro.

Jumatano, 12 Machi

Nimetafakari sana. Mpango wangu haukuwa na kasoro yoyote isipokuwa moja: nilimpeleka Kasuku mbali mno. Angekuwa banda la jirani, ningemwita mapema, na wageni wangenikuta nimeshaoga.

Na sungura wana heshima yao, nimegundua. Jumamosi mkuu wa chuo analeta viongozi wa chama cha wafugaji kutazama banda hili hasa. Jike langu kubwa ana mimba. Kitabu kinasema jike akianza kujinyofoa manyoya ya kifua atandike kiota, watoto wako mlangoni. Ameanza leo asubuhi. Mapema kidogo, lakini sungura ni mdogo, anazuilika. Nimeondoa kiota na kufunika tundu kwa pazia la bweni, apate giza atulie.

Bi. Mabuti amepita sasa hivi, amefunua pazia, ameuliza mbona sungura wangu ana upara kifuani.

Nimemwambia ni joto.