Asumini ya Kuiba Siku ya Posa

Mashoga zangu, leo nimejiaibisha mpaka Muheza!

Asubuhi tulipanda gari moshi, mimi na shangazi yangu, kwenda huko Muheza kumposea mdogo wangu Omari, huyu karani wa reli. Njiani shangazi akanionya: "Leo wewe kazi yako ni kunyamaza." (Ananijua.)

Tukapokewa vizuri. Bi Mwanakombo, bibi yake msichana, akatuketisha mkekani. Kahawa ikaja, kashata zikaja. Mimi nikaomba kwenda uani. Loo! Kumbe uani kuna mwasumini, umenifika kifuani, umejaa yale maua mazito ya kutungia vikuba vya kujipamba kifuani na kuweka sandukuni kwenye nguo. Na wangu hapa Mabawa umekauka mara mbili! Nikatazama huku, nikatazama kule. Ka! Ka! Ka! Nikavunja vijiti vitatu vya kwenda kupanda, nikavisokomeza ndani ya buibui.

Nikarudi kuketi, mpole kama biarusi. Shangazi ndiyo kwanza anafika penyewe: "Tumekuja kwa heshima, tunaomba..."

Kitu kikaniuma ubavuni. Nikatabasamu. Kikaniuma kwapani. Halafu kote! Maji moto, wale chungu wekundu, walikuwa wamejenga kwenye yale majani. (Nami nimewabeba na nyumba yao.)

"Yarabi, nakufa!" Nikaruka. Kikombe kule, buibui huku. Vijiti vitatu vikaanguka mbele ya bibi wa watu.

Shangazi akajifunika uso kwa kanga.

Bi Mwanakombo akaokota kijiti kimoja, akakigeuzageuza. "Mwanangu, mmekuja kuposa mtoto au maua?"

"Vyote, Bibi," nikajibu huku najikuna. (Ulimi huu!)

Bibi alicheka mpaka machozi. Na chumbani nikamsikia msichana naye anacheka. Kumbe vijiti vyangu vilikuwa vichanga, visingeshika. Bibi akanipeleka uani, akanionyesha: hukatwa tawi lililokomaa, urefu wa shibiri, vifundo viwili vikazikwa udongoni, kivulini, maji kidogo kila jioni. Akanikatia manne mwenyewe, akayakung'uta sana, akayafunga kwenye jani la mgomba.

Kisha akamgeukia shangazi. "Posa nimeipokea. Kwa wifi kama huyu, mjukuu wangu hatanuna."

Basi nimevimba shingo, nimepanda matawi manne, na wifi nimepata. Harusi Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha tu. Atakayenicheka kabla ya hapo, simwaliki!