Ijumaa za Metrine

Ijumaa, 6 Juni

Metrine amekuja. Metrine ameondoka. Katikati kulikuwa na mkutano.

Huja kila Ijumaa kutoka Asembo Bay, anakosimamia kituo chetu cha kupokea samaki. Huleta ripoti: mbuta walikuwa wangapi, ngege wangapi, barafu ilitosha au haikutosha. Kiti chake kinatazamana na changu. Sijui nani alivipanga viti hivyo. Mungu ambariki.

Leo alinimegea karanga zake chini ya meza, huku meneja wetu, Bwana Oluoch, akihubiri kuhusu mafuta ya lori. Akaninong'oneza, "Wasike, mbona unakonda? Kisumu hakuna ugali?" Nikafikiri. Nikafikiri tena. Nikasema, "Upo."

Upo! Mwanamume mzima, karani wa kumbukumbu, diploma ukutani! Jibu zuri lilinijia jioni nikioga. Lilikuwa la kuchekesha, tena lenye huzuni kidogo. Wakati huo alikuwa ameshafika Asembo.

Kosa si la moyo wangu. Ni la ulimi. Nikipewa muda, mimi ni mtu hatari sana. Kwa hiyo lazima tuandikiane. Namba yake ninayo, kwenye faili la wafanyakazi, lakini namba ya faili si namba ya kupewa. Inahitajika sababu ya kikazi.

Jumatatu, 9 Juni

Sababu ya kikazi imepatikana! Inaitwa Kibaraza. Ni programu ya simu na kompyuta ambamo kampuni nzima huandikiana. Ina vikundi, ripoti, picha, matangazo. Na aliyepo huwekewa kitone cha kijani kando ya jina lake. Yaani nitajua Metrine yupo. Hata Jumanne!

Nikaingia kwa Bwana Oluoch. Nikamkumbusha jinsi bei ya mbuta ilivyozama wiki jana kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, chini ya maombi ya asubuhi, picha za maua na harusi ya binamu ya mtu. Akauliza kama Kibaraza itapunguza kelele. Nikasema itapunguza kila kitu.

Frankline wa mauzo alicheka. Eti Wasike hajawahi kujibu hata salamu kwa wakati, leo anatuletea mawasiliano. Frankline ana ndevu za kuchongwa na jibu la kila jambo papo hapo. Simpendi.

Bwana Oluoch amenifanya admini. Frankline ameacha kucheka.

Jumatano, 11 Juni

Kibaraza imewashwa! Kila mtu ameweka picha. Frankline ameegemea gari ambalo si lake. Metrine ameweka picha ya samaki. Nimemtazama huyo samaki mchana kutwa. Ana macho mazuri.

Saa ya chai kitone chake kikageuka kijani. Chai ikanimwagikia. Nikafungua kikundi kipya, nikakiita Ubora wa Barafu. Wanachama ni mimi na Metrine. Nikaandika ujumbe mrefu, nikaufuta. Nikaandika mfupi, nikaufuta. Mwishowe nikatuma, "Habari ya barafu?"

Jibu likaja kabla sijavuta pumzi. "Barafu iko. Umekula?"

Umekula! Mtu hamwulizi mwenzake wa kazini kama amekula. Kuna jambo hapo. Nikamwuliza naye kama amekula. Akasema ni muda mrefu hakuna mtu amemwuliza hiyo kitu. Maskini Metrine! Kumbe mpweke kama mimi, na miezi yote hii tulikuwa tunakula karanga tu.

Alhamisi, 12 Juni

Tumeandikiana tangu asubuhi. Nikipewa muda, ninajibu! Nimemwambia kwamba ziwa likiwa la kijivu alfajiri, huwa nadhani kuna mtu Asembo anayelitazama pia. Akajibu, "Vaa sweta."

Kuna watu huandika kurasa nzima za mapenzi na hawafiki hapo.

Kisha akaniambia nichemshe maji ya kunywa, nisilale dirisha likiwa wazi, na uji ni muhimu kwa mtu mwembamba. Tulipoagana akaandika, "Sawa baba. Mungu akuchunge." Ameniita baba! Usoni hajawahi kuniita baba. Usoni ni haya tu. Kumbe naye ana tatizo la ulimi!

Ijumaa, 13 Juni

Shati jipya. Kinyozi. Majibu nimeyakariri, ya kila aina ya swali, pamoja na ya ugali.

Kiti kitupu.

Bwana Oluoch akasimama. Alisema Kibaraza imefaulu kuliko alivyotarajia. Kuanzia leo wasimamizi wa vituo hawana haja ya kusafiri kila Ijumaa, ripoti zitakuja kwa Kibaraza. Akaomba watu wampigie makofi Bwana Wasike, mwenye wazo. Wakapiga. Frankline alipiga kwa nguvu zaidi, akaendelea hata wenzake walipoacha.

Nikasimama, nikainama. Baadaye nimesikia watu wakisema nilitokwa na machozi ya furaha.

Hakuna Ijumaa tena. Nilikuwa nayo moja kila wiki, nikaitoa ili nipate kitone. Nikamwandikia, "Tumekukosa leo." Akajibu, "Mimi niko tu. Kunywa chai."

Nimekunywa. Imepoa.

Jumatatu, 16 Juni

Uamuzi: Kibaraza lazima ife. Ikifa, mkutano utafufuka. Admini ndiye mwenye swichi. Asubuhi nikazima ripoti za vituo vyote, nikaketi kungoja Bwana Oluoch aseme hakuna namna, wasimamizi warudi.

Hakusema. Alimwita Frankline. Frankline aliipata swichi huku akinywa soda. Sasa na yeye ni admini. Jambo la kwanza alilofanya ni kuingia Ubora wa Barafu na kusoma kila kitu, mwanzo hadi mwisho. Jambo la pili, alisimama katikati ya ofisi akaniuliza, kwa sauti ya upole mno, kama nimevaa sweta.

Aibu hiyo ningeimeza. Lakini ombi la barafu la Asembo halikuonekana asubuhi yote, na shehena ya mbuta imeharibika. Shehena ya Metrine. Ameiandikia maelezo, ukurasa mzima, na Bwana Oluoch amemgombeza kwa simu mlango ukiwa wazi. Nilisikia. Sikusimama kusema ni mimi.

Nikamtumia pole. Jibu, "Samaki ni ya Mungu. Umekula?" Sikuweza kula.

Jumatano, 18 Juni

Siwezi kungoja. Nimemwambia Bwana Oluoch kwamba Asembo hawajaielewa Kibaraza, wanahitaji mafunzo ya ana kwa ana. Akasema programu hii ililetwa ili watu wasisafiri. Nikasema ninasafiri kwenda kuwafundisha kutosafiri. Akakubali!

Naenda kesho na lori la barafu. Nimemwarifu. Amejibu, "Karibu sana. Nitapika."

Atapika!

Alhamisi, 19 Juni

Nitajaribu kuandika kama ilivyotokea.

Nilishuka kwenye lori nikiwa na shati jeupe. Metrine alikuwa penye mizani, gambuti miguuni, leso kichwani, akibishana na wavuvi. Aliponiona akaacha mizani. "Wasike! Umefuata nini huku?" Alifurahi. Hilo naliandika kwa uhakika. Alifurahi.

Nikasema nimefuata Kibaraza. Mafunzo.

"Ile kitu ya simu?" Akacheka. "Mimi sijawahi kuifungua hata siku moja. Mikono yangu iko kwa samaki kutoka asubuhi. Simu ya ofisi nilimwachia Mama Beldina huko bandani. Ripoti namtajia, anaandika. Anaipenda hiyo kitu, wacha tu!"

Mlango wa banda la barafu ukafunguka. Akatoka mama wa makamo, mnene, aproni ya plastiki, miwani imefungwa kwa uzi. Akanitazama kutoka viatu hadi nywele, kama mtu aliyeletewa mtoto kutoka bweni.

"Kumbe ndiyo wewe," akasema. "Na sweta iko wapi?"

Ardhi haikupasuka. Niliiomba.

Alikuwa amepika kweli. Ngege wa mchuzi, ugali wa mtama, mboga za kienyeji zilizolala kwenye maziwa. Alinikalisha kwenye benchi akanisimamia nile. Akaniambia kijana wake yuko Nairobi, hupiga simu Krismasi, na siku hiyo huwa na haraka. "Wewe peke yako ndiye unaniuliza kama nimekula," akasema. "Nikisikia simu inalia hivi, najua ni huyo mtoto wa Kisumu. Najipangusa mikono mbio."

Nilikuwa nimepanga kusema kuna kosa limetokea. Nikaomba nyongeza ya mboga.

Metrine akaja na sahani yake, akaketi kwenye benchi hiyo hiyo. Bega lake na langu, hakuna meza, hakuna Bwana Oluoch. Majibu yangu yote nilikuwa nayo. Akauliza, "Sasa, habari ya mjini?" Nikasema barafu ni nzuri.

Jioni alinisindikiza hadi kwenye lori. Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza. Akasema anazikumbuka zile Ijumaa. Alikuwa akiamka mapema, anapiga pasi nguo. Huku ni gambuti tu na kelele. "Ilikuwa siku yangu hiyo," akasema. "Nani huyu alituletea hii Kibaraza?"

Nikasema, "Frankline."

Akatikisa kichwa. Akasema Frankline amekosa kazi ya kufanya. Halafu akasema Jumamosi mizani haifunguliwi, yuko tu. Kama sina shughuli nije, tutembee ufuoni. "Njoo tu," akasema. "Usingoje barua ya ofisi."

Nikasema nitakuja. Lilitoka papo hapo, bila kufikiri! Dereva alipiga honi mara kadhaa kabla sijapanda.

Ijumaa, 20 Juni

Msiba. Metrine alimpigia Frankline simu asubuhi kumgombeza. Frankline hajawahi kukataa sifa ya aina yoyote. Alipokata simu alitangaza kwamba hata vituo vya mbali vinajua nani mwenye Kibaraza. Bwana Oluoch akasema basi awe admini mkuu, na mimi nimsaidie. Na wiki ijayo Frankline atazuru vituo vyote kusikiliza malalamiko. Ataanzia Asembo Bay!

Frankline! Na zile ndevu! Na jibu lake la papo hapo, kwenye upepo ule ule wa ziwa!

Sikukurupuka. Nilikaa nikafikiri kama dakika moja. Kisha nikaingia kwa Bwana Oluoch nikamwambia dunia imeshaiacha Kibaraza. Sasa kuna mfumo wenye nyuso. Watu wa vituo vyote wanatokea kwenye kioo kikubwa ukutani, wanaongea, wanaonana, hakuna anayesafiri. Hata watu wa kuzuru vituo hawahitajiki tena. Mkutano wa Ijumaa unaweza kurudi, kila mtu akiwa kwake.

Akapenda. Akasema nimwonyeshe mfumo huo Jumatatu asubuhi ukifanya kazi, la sivyo Frankline aende.

Jumatatu! Jumapili ofisi haifunguliwi, basi imebaki kesho tu ya kuufunga. Kesho ni Jumamosi.

Nilipima jambo hili kwa utulivu. Jumamosi moja, au Ijumaa zote za maisha? Hata mtoto angejua jibu. Nimemwandikia Mama Beldina amwambie Metrine nimeshikwa na kazi, kazi yenyewe ni kwa faida yake, ataelewa baadaye.

Jumamosi, 21 Juni

Ofisini peke yangu tangu asubuhi. Nyaya kila mahali. Kioo kilikataa, kikakubali, kikakataa, mchana kikakubali kabisa. Nimeufungua mfumo kwa majaribio. Uso wangu umejaa ukuta mzima. Kweli nimekonda.

Kuna visanduku vyeusi vya vituo vingine, kila kimoja na jina lake. Asembo Bay ni cha pili kutoka kushoto. Nimekihamisha, sasa kinatazamana na changu. Ni cheusi kwa sababu bado hawajafungiwa kamera. Nimekaa mbele yake kwa muda, nikafanya mazoezi ya kuzungumza. Nilizungumza vizuri mno.

Jioni Mama Beldina ameandika. Ujumbe wangu ulichelewa kumfikia, simu haikuwa na chaji. Metrine alivaa gauni leo, buluu, lenye maua. Alisimama pale lori husimama. Lori lilikuja, akamwuliza dereva, kisha akarudi nyumbani akavua. "Mtoto wangu," ameandika, "kazi gani hiyo haina miguu?"

Nimeusoma huo ujumbe mara nyingi. Gauni la buluu! Lenye maua! Nimefungua dirisha.

Hasara iliyoje! Kamera ya Asembo ingekuwa imefungwa leo, ningeliona.

Nimemwandikia Bwana Oluoch aagize mbili, moja ya pale lori husimama.